Kukata renire mu mbao: meno yenye hauone

Mu Naviundu, asubuhi mapema, kelele mbili njo zinaamsha watu: bisi ya kampani yenye inakuja kubeba wafanyakazi wa poste ya kwanza, na musumeno wa mbao wa jirani. Bisi inakwenda, musumeno unabaki. Chini ya malata mane motere imefungwa chini ya meza, nusu ya sahani ya chuma yenye meno imetokea juu katikati ya meza, na kijana wa miaka 17 anasukuma mbao kwa mikono yake miwili. Hapo njo panatoka milango ya nyumba zetu, madirisha, makabati na vitanda.

Leo hatutasema juu ya musumeno muzima. Tutasema juu ya kazi moja tu, yenye ba fundi wengi wanaiona kuwa nyepesi: kukata renire, ule mufereji mwembamba mu unene wa mbao, mwenye paneli ya mulango inaingia. Kati ya kazi zote za musumeno wa meza, hii njo inadanganya mutu zaidi. Na sababu yake, mutu wa mugodi anaweza kuielewa mbio kuliko mutu mwingine.

Juu ya nini tunakata mufereji

Kwanza, kwa wale wenye kununua mulango bila kujua namna unatengenezwa. Mulango muzuri wa mbao hauko ubao moja mukubwa. Uko na miti miwili ya kusimama, mingine ya kulala, na katikati paneli. Ile paneli haipigwi misumari, haitiwi kola. Inakaa tu mu mufereji, na inabakishiwa nafasi kidogo ya kupumua.

Inapumua juu ya mvua. Huku kwetu, kutoka mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9, hewa ni kavu na mbao inakonda. Mvua ikifika, kuanzia mwezi wa 11, mbao inakunywa maji ya hewa na inanenepa. Paneli yenye ilikatwa mu mwezi wa 8 na kukazwa bila nafasi, mu mwezi wa 1 itasukuma mulango mpaka upasuke, ama utakataa kufunga. Kwa hiyo fundi mwenye akili anakata mufereji wa milimeta 12 ao 15 kwa kina, na anaacha milimeta 2 ao 3 kila upande. Kwa upana wa mufereji, kawaida ni karibu theluthi moja ya unene wa mbao: mbao ya milimeta 35, mufereji wa milimeta 10 mpaka 12. Ukizidisha hapo, midomo miwili inayobaki itakuwa myembamba na itavunjika siku mutoto atapiga mulango kwa nguvu.

Kazi hii, mbele ya mashini, ilifanywa na randa ya mukono yenye chuma chembamba, ile ba fundi wanaiita buve. Ingali inafanya kazi leo. Mutu mwenye kutengeneza milango mitatu kwa mwezi, buve inamutosha kabisa. Haihitaji kura, haipigi kelele, na mutu akiteleza nayo atajikwaruza, basi. Lakini mutu mwenye komande ya milango 20 atakwenda ku musumeno, na hatuwezi kumulaumu.

Jiwe la juu halisemi kitu

Sasa tuje ku hatari. Ukipasua mbao mara mbili kwa urefu, sahani inapita juu ya mbao, unaiona, unaisikia, na ukiwa na mashini ya kweli kuko kifuniko juu yake. Macho yako yanakuchunga. Lakini ukikata renire, sahani haitoboi mbao. Inatokea milimeta 5 ao 6 tu juu ya meza, na ile milimeta 6 yote iko ndani ya mbao. Hauone kitu. Mbao inateleza juu ya meza kama hakuna kitu chini yake, mukono unazoea kukaa juu ya mbao, na ubongo unasema: hapa hakuna hatari.

Mutu mwenye alifanya kazi chini ya ardhi anajua hadithi hiyo. Jiwe la juu ya kichwa halipigi kelele mbele ya kuanguka. Kwa hiyo hakuna mutu anaingia mu galeri akitumainia macho tu: anachukua chuma kirefu, anapiga jiwe, anasikiliza sauti, na lenye kulegea analiangusha yeye mwenyewe. Ku musumeno, mutu yule yule, akiwa mu lupango lwake siku ya repo, anapitisha kiganja juu ya meno yenye haone. Hapo njo ajabu iko.

Tuhesabu kidogo. Motere ya kawaida yenye kufungwa moja kwa moja ku sahani, na kura yetu ya hertz 50, inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Sahani ya milimeta 300, meno yake yanakimbia zaidi ya kilometa 160 kwa saa. Mutu hawezi kutoa mukono mbele ya mwendo kama huo. Kwa Marekani kuko musumeno wa meza wenye kujisimamisha wenyewe ukigusa nyama, mu muda mufupi kuliko kufumba jicho, na unauzwa tangu miaka ya 2000. Lakini bei yake haiko ya lupango ya Naviundu. Sisi tutafute dawa mu mabaki ya mbao.

Ajali ya renire inakuja mara nyingi ku mwisho wa mbao. Kijana anasukuma vizuri, mbao inakaribia kwisha, na kwa kumalizia anaweka kidole gumba nyuma ya mbao, ili kuisukuma. Lakini sahani, yenye ilikuwa imejificha, inatokea hapo hapo, ku mwisho, mahali kidole kiko. Ajali ya pili ni mbao kurudi. Mbao mbichi, ama yenye fundo, inabana sahani. Meno ya nyuma yanaikamata na kuitupa ku tumbo la mwenye kusukuma. Mbao ikiondoka hivyo, mukono wenye ulikuwa unaisindika unaanguka pale pale mbao ilikuwa, maana yake juu ya meno.

Galeri ya mbao

Mu kanuni za kazi za Uingereza imeandikwa kwamba musumeno wa sahani haufai kutumiwa kwa kukata mufereji, isipokuwa meno yake yafunikwe vizuri. Kifuniko cha kawaida hakiwezi kukaa, maana mara nyingi kimefungwa ku kile kisu cha nyuma ya sahani, na kisu chenye kupita juu ya sahani kitazuia mbao. Basi mafundi wa kule wanajenga kama shimo: mbao inaingia upande mumoja, inatokea mwingine, na katikati mukono hauna nafasi ya kuingia. Wanaliita kwa jina la njia ya chini ya ardhi. Sisi tuko na neno letu: galeri.

Galeri hii inatengenezwa bila falanga. Meza iko na gide, ule ubao wa kuongoza, wenye mbao inateleza pembeni yake. Chukua kipande cha mbao kigumu na kinyoofu, kifunge ku gide kwa vibano viwili, juu ya mahali sahani inatokea, kiwe juu ya mbao yako kwa unene wa karatasi moja. Hii njo dari. Inazuia mbao kuruka, na inafunika meno wakati mbao imekwisha kupita. Upande mwingine, fungia ubao ku meza, usimame kama ukuta mukabala na gide, ili mbao ipite katikati bila kutangatanga. Kama unaweza, ule ubao wa pembeni uukate meno marefu kama kitana, yaliyoinama kuelekea mbele: mbao itaingia, lakini haitarudi. Tahadhari moja: meno ya kitana yasukume mbao mbele ya sahani, hapana pembeni ya sahani kabisa, maana hapo yatafunga mufereji juu ya chuma na yataleta ile ajali tulikuwa tunakimbia.

Mbao ikiwa mu galeri, mukono unabaki mulangoni. Na wa kuingia ndani ni kisukumio. Wengi wanatumia kijiti chembamba kama cha kuchokonoa moto. Kwa renire hakitoshi. Tengeneza kitu kama taloshi ya mwashi: ubao bapa, mupini juu, na chini yake, ku mwisho, kisigino cha kukamata nyuma ya mbao. Kiwe chembamba kidogo kuliko mbao yako, ili kipite mu galeri pamoja nayo. Kinasindika chini na kinasukuma mbele kwa wakati mumoja. Kikikatwa na sahani, unatengeneza kingine kwa dakika 10.

Namna kazi inakwenda

Mbao iwe kavu, upande wa chini na upande wa gide viwe vimepigwa randa. Mbao yenye kupinda itachezacheza, na mbao ya kufurumu, ile ilishatumika ku beto, angalia misumari na vijiwe vizuri, ama iache kabisa. Mulombwa unakata vizuri, lakini ni mugumu. Hapana kutaka kina cha milimeta 15 kwa mara moja. Weka sahani ku milimeta 5, pitisha. Pandisha 5 ingine, pitisha. Kupandisha kunafanywa kura imekatwa. Kupima gide pia. Unapima toka ku jino la sahani, haiko toka ku bati lake, na unapima mbele na nyuma ya sahani: vipimo viwe sawasawa.

Sahani inakula karibu milimeta 3 tu, na wewe unataka mufereji wa 10. Kata kwanza midomo miwili, halafu songesha gide kidogo kidogo na kula katikati, na mabaki utayaondoa na patasi. Kuko akili moja nzuri hapa: kata mara moja, halafu geuza mbao, uso wenye ulikuwa ku gide utazame nje, na kata tena bila kugusa gide. Mufereji utakuwa katikati kabisa, hata kama kipimo chako kilikuwa na kosa.

Kuko wenye wanataka kumaliza kwa mara moja: wanaweka kipande cha karatasi ngumu pembeni ya sahani mbele ya kukaza boloni, ili ikae upande na izunguke ikiyumba, ikate mufereji mupana. Hiyo tuseme wazi, ni ujinga. Sahani ya kawaida haikufanywa kwa kuyumba, boloni inalegea, na kila jino linapiga mbao kama nyundo. Vilevile wale wenye kufunga sahani ya mbao ku diskeze ya kukatia chuma, yenye inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Ku sahani ya mbao mwendo wa mwisho umeandikwa. Usome.

Simama pembeni kidogo ya mustari wa sahani, haiko nyuma yake. Sukuma bila haraka na bila kusimama, mpaka mbao itokee yote ngambo ya sahani. Hapana kuivuta nyuma. Hapana kupeleka mukono ngambo kuipokea.

Na glavu, zile sisi tunaita gants? Mutu wa mugodi atashangaa, maana ku kazi mutu bila glavu anarudishwa ku geti. Ku musumeno ni kinyume: toa. Jino likikamata ngozi ya glavu halikati, linavuta, na mukono muzima unafuata. Miwani vaa. Mikono ya shati ikunje. Kinga ya pua vaa pia, kwa sababu vumbi la mbao si unga wa bukari: tangu 1995, taasisi ya dunia ya uchunguzi wa kansa imeliweka kati ya vitu vyenye hakika vinaleta kansa, hasa ya pua, na vumbi la mulombwa linawasha kifua haraka.

Kura ikirudi

Hapa njo pahali pa Lubumbashi kabisa. Kijana anakata renire, kura inakatika. Musumeno unasimama, kimya. Anachukua fursa hiyo kusafisha takataka, anaingiza vidole chini ya galeri, anatoa kapande ka mbao kalikokwama. Dakika 15 baadaye SNEL inarudisha kura. Swichi ilikuwa ingali ku pahali pa kuwaka.

Mu mugodi, mutu haingizi mukono mu konkasere hivyo. Anakata kura, anafunga kufuli yake mwenyewe ku sanduku, anatundika karatasi yenye jina lake, anaweka ufunguo mu mufuko, halafu anajaribu kuwasha ili aone kwamba haiwaki. Wasomaji wetu wengi wanafanya hivyo kila siku. Kufuli moja ya kifungo hiyo, ku sanduku la kura la ateliye ya lupango, bei yake haifike bei ya mufuko wa makala. Na swichi ya kisu ile ya zamani ibadilishwe na kontakteri yenye vifungo viwili: kura ikikatika inajifungua, na kura ikirudi mashini inabaki kimya mpaka mutu abonyeze. Kifungo cha kusimamisha kiwekwe pahali goti linaweza kukigonga, maana wakati wa hatari mikono yote miwili iko na kazi.

Magaribi pia iko mubaya. Kila nyumba imewasha rezho ya kupikia, kura inashuka, motere inaguna na sahani inapoteza mwendo. Sahani ya polepole haikati, inakamata. Ukisikia sauti imenenepa, acha kusukuma, zima, ungojee asubuhi.

Kwa ba mama na watoto wenye kuleta chakula ku ateliye: hapana kumugusa mutu begani wala kumuita jina kutoka nyuma wakati mbao iko mu musumeno. Simama pahali atakuona, ungojee mashini inyamaze.

Kijana wa nani

Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines mu ule mpango wa departs volontaires. Kila mutu alitafuta kazi ya kushika: shamba, teksi, duka, na kuko wenye waliingia mu mbao, kwa sababu ku kazi walikuwa wamejifunza kushika chombo. Leo watoto wao ni ba fundi, na wajukuu wanapelekwa kujifunza wakati wa vakanse. Hakuna ubaya. Lakini sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mutoto, inakataza kazi za hatari kwa mwenye hajafika miaka 18, na musumeno wenye meno ya wazi hautakosa mu hesabu hiyo. Kijana wa miaka 14 anaweza kujifunza kupima, kupiga randa, kushika buve na patasi. Sahani itamungojea. INPP, yenye iko inafundisha ufundi tangu 1964, haianzishe mwanafunzi ku mashini siku ya kwanza.

Baba, fikiri pia hivi. Wewe ku kazi, ukiumia, kampani ilikuandikisha ku CNSS na kuko malipo ya ajali ya kazi. Apranti wa lupango hakuandikishwa mahali. Vidole viwili vikienda, familia njo inalipa opitali, na siku kijana ataitwa ku vizite medikale ya kuingia mu mugodi, daktari ataangalia ile mikono kwanza.

Ikitokea, hivi njo tunafanya. Zima kura. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila saa kuangalia, na inua mukono juu ya moyo. Hapana essence, hapana majivu, hapana unga wa mbao. Kidole chenye kukatika kitafute mu takataka, kifunge mu kitambaa safi chenye kulowana kidogo, kiweke mu mufuko wa plastiki wenye kufungwa vizuri, na ule mufuko uweke mu maji ya baridi yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala maji. Pikipiki ama teksi, moja kwa moja mpaka opitali yenye kuko shirurje, Sendwe ama ingine ya karibu, bila kupitia kwanza ku dispansere ya kona yenye itashona bila kuangalia mishipa. Mutu mumoja amusindikize. Mwenye kubaki ku ateliye afunge kufuli ku sanduku la kura, na ufunguo akae nao mu mufuko mpaka fundi arudi.